Mahindi na maharage shamba moja, mbolea ISIGUSE mbegu

Haya wakulima wenzangu mambo vipi, wazee shikamooni, leo tupo Inyala huku Mbeya, baridi mnaiona kwenye hili koti, mvua imeshalowesha udongo vizuri kwa hiyo tunapanda mahindi na maharage pamoja. Kulima nimeshalima, hiyo sikuonyeshi, jembe unalijua.

Hii kamba ina fundo kila sentimita 60, naziuza, nicheki inbox, ila ukifunga yako ya katani sigombani na mtu. Mstari hadi mstari wa mahindi ni sentimita 75, kila fundo shimo moja, mbegu mbili. Maharage yanapita katikati hapa, shimo hadi shimo sentimita 20, mbili mbili. Chukua yale mafupi, ya kutambaa yatapanda juu ya mahindi yakuangushie, mimi naweka ya njano maana mchuzi wake jamani... tuendelee.

Dogo sogeza simu. Sogeza! Shimo hili ni kama sentimita 10 kwenda chini. Mbolea ya kupandia, hii DAP, kisoda kimoja, kile cha soda, mwaga. Sasa SIMAMA hapo. Usitupe mbegu. Vuta udongo kwanza, funika mbolea mpaka usione hata punje moja, ndo uweke mbegu, ndo ufukie. Mwaka juzi mvua inanikimbiza nikasema aah mbegu na mbolea vyote humo humo, wiki mbili baadaye mistari mizima kipara, nafukua nakuta mbegu imelainika nyeusi, mbolea imeiunguza. Nilinunua mbegu mara mbili msimu ule na nyumbani mpaka leo nachekwa. Kwa hiyo mbolea, udongo, mbegu. Narudia, mbolea, UDONGO, mbegu.

We kuku we! Shika huyo... dogo unarekodi nini, mfukuze! Haya, mashimo manne kashamaliza, tutarudishia.

Hapa tumeruka kama wiki saba, maharage yana maua. Chimba mche mmoja taratibu kwa jembe, ukivuta kwa mkono hivi vinundu vinabaki chini. Unaviona kwenye mizizi? Napasua kimoja kwa kucha... ndani chekundu kama nyama. Hicho kinafanya kazi, bakteria waliomo wanachukua naitrojeni ya hewani, ni chakula cha mimea hicho, wanalisha maharage. Ukikuta cheupe au kijani, hapo bado au kimechoka.

Ila msidanganyane kwamba maharage yanalisha mahindi saa hii hii. Naitrojeni nyingi inakuja baadaye, mizizi na majani yakioza, kwa hiyo Urea, mbolea ya kukuzia, mahindi bado yanaitaka. Weka yakiwa usawa wa goti, udongo una unyevu, kisoda kimoja kila mche, kando kidogo, na ufukie, ukiiacha juu inapotelea hewani. Maharage usiyamwagie, yakizoea naitrojeni ya dukani yanatengeneza vinundu vichache.

Kuvuna maharage sasa, kata usawa wa udongo, using'oe, mizizi ibaki humo humo. Na kuchoma masalia mimi sitaki kabisa. Maganda tukishapiga maharage mama watoto anayataka ya ng'ombe, mimi nayataka shambani, tumekubaliana nusu kwa nusu na samadi yote inarudi kwangu.