Ruhusa ya Dakika Tano

ASHA: Msikilizaji, leo mazungumzo yetu ni sigara, na si ya mtalii wa Forodhani. Ni ya kijana wa Micheweni, Pemba, aliyeshuka boti bandarini Malindi, hapa Unguja, na begi moja, kesho yake keshashika ndoo ya zege.

KHAMIS: Umenigusa, Bi Asha. Miye nilishuka hivyo hivyo, nikawa saidia fundi huko Fumba. Nyumbani sikuwahi kutia sigara mdomoni.

ASHA: Ungeivutia wapi? Kijiji kizima ni ami zako!

KHAMIS: Ukivuta asubuhi chini ya mkarafuu, adhuhuri mama keshajua. Mjini nani anakujua? Lakini kilichoniponza miye ni mapumziko. Saidia fundi akiegemea sepetu hivi hivi, atapigiwa kelele: "We, umekuja kulala?" Akiwa na sigara hasemwi. "Mwacheni amalize." Basi nami nikanunua ruhusa.

ASHA: (anacheka) Ruhusa ya dakika tano!

KHAMIS: Tena kwa moja moja. Pakiti sijaishika. Mama wa chai alizitia kwenye kopo la maziwa, kiberiti kakifunga kamba mezani, mtu asije akaondoka nacho.

ASHA: Hapo ndipo pabaya. Onyo liko kwenye pakiti, weye hulioni. Wala huhesabu. Mtu atakwambia "navuta kidogo tu", kumbe moja na chai, moja baada ya wali, moja ya kulalia. Na chumbani mko sita, dirisha moja! Asiyevuta naye anavutishwa. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kwa mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao ni wa moshi wa wenzao.

KHAMIS: Sasa Ramadhani. Saa 13 na ushei huvuti, na zege unabeba. Ikiadhiniwa magharibi, tende moja, funda la maji, wenzangu washatoka nje. Uji unapoa.

ASHA: Nikotini haichukui hata nusu dakika kufika kwenye ubongo. Na hamu yake hukaba zaidi siku mbili tatu za mwanzo. Kwa hiyo mfungaji anaianza safari ya kuacha kila alfajiri, magharibi anarudi alikotoka.

KHAMIS: Miye mwaka ule sikurudi. Nikifuturu sitoki, hadi tarawehe. Siku za mwanzo kichwa kilinigonga, nikawa mkali kama pilipili. Mwezi ukaisha. Mfungo mosi kazini, nikakwama: sasa nitasimama na nini?

ASHA: Enhe?

KHAMIS: Kikombe cha kahawa. Siku sina hela, nakishika kitupu.

ASHA: Kitupu?

KHAMIS: Kikavu kabisa. Nimesimama, nakipuliza kama kina moto. Fundi akapita, akanitazama, akaenda zake.