Usinunue Betri Kabla Hujapima: Datsun 240Z ya Mjomba Nakuru

Habari zenu jamani, watu wa Nakuru, Njoro, Molo, Kisumu mpaka Kakamega. Leo nina ombi moja kabla hata sijawaonyesha mita. Injini ikiwa inanguruma, tafadhali usimruhusu mtu achomoe kichwa cha betri eti aone kama gari litazima. Mnaijua hiyo, imezoeleka sana. Likiendelea kunguruma, wanasema altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri, ni nzima. Likizima, unaambiwa ununue nyingine. Kipimo hicho hakithibitishi kitu, na kinaweza kuua altaneta iliyokuwa nzima. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka juu kwa nukta moja, na zinazoungua ni dayodi (zinazoelekeza umeme wake upande mmoja) na regyuleta (inayodhibiti volti zake). Kwa gari lenye kompyuta, hata kompyuta iko hatarini.

Mimi niko Birmingham, kazi yangu ni umeme wa magari, hasa magari ya zamani. Lakini gari ninalotaka kuwaeleza liko Nakuru, mtaa wa Section 58, kwa mjomba wangu. Ni Datsun 240Z. Wazee wetu wanalijua vizuri: aina hii ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta. Gari la umri huo si Vitz useme utaagiza lingine mwezi ujao. KEBS, shirika la viwango la Kenya, hairuhusu magari yaliyotumika yaliyozidi miaka 8 kuingia nchini, kwa hiyo yale tuliyo nayo lazima tuyatunze kwa akili.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Asubuhi mjomba anawasha, stata inasema "tik" na kunyamaza. Vijana wa jirani wanasukuma, linashika, anaenda Njoro na kurudi bila wasiwasi, taa ziko sawa. Akizima tu, haliwaki tena. Akauziwa betri. Betri mpya inatoka dukani ikiwa imechajiwa, kwa hiyo siku chache mambo yakawa mazuri, halafu yale yale. Akauziwa nyingine. Baadaye akaambiwa ni altaneta, nayo ikabadilishwa. Pesa yote hiyo imetoka, na hakuna aliyeweka mita hata mara moja. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikamwambia, "Mjomba, shikamoo, naomba ununue maltimita, ile mita ya kupima volti, hata ndogo ya njano, kisha unipigie kwa video." Akanunua.

Gari likiwa limelala usiku kucha, betri ikasoma volti 12.1. Betri ya volti 12 iliyojaa hukaa karibu 12.6, na ikifika 12.2 imebaki takriban nusu. Kwa hiyo ilikuwa na njaa, lakini bado hatukujua kwa nini. Likasukumwa, likawaka, akapima tena palepale kwenye betri: 12.3. Sasa hapo ilitakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Watu wengi huishia hapo na kutangaza kwamba altaneta imekufa.

Nikamwambia aache waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, ule mwekundu aupeleke nyuma ya altaneta, kwenye nati kubwa inayotoa umeme. Akunje mikono ya shati, avue tai, kwa sababu mkanda na feni viko karibu, na ncha ya mita isiguse chuma kingine. Akainama, akasoma: 14.4.

Jamani, nilifurahi! Altaneta ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa. Volti 2.1 zilikuwa zinapotea njiani kabla ya kufika kwenye betri. Kwenye gari la zamani, kati ya nati ile na chanya ya betri, taa zikiwa zimewashwa, sitaki kuona zaidi ya 0.5. Upande wa ethi, yaani njia ya hasi kupitia chuma cha gari, kati ya mwili wa altaneta na hasi ya betri, sitaki kuzidi 0.2. Ethi yake tulipima ikawa safi. Shida ilikuwa upande wa chanya.

Na hapa ndipo 240Z inapowachanganya watu. Kwenye dashibodi yake hakuna mita ya volti, kuna mita ya ampea, imekaa kwenye duara moja na geji ya petroli. Umeme wa kuchaji unatoka kwenye altaneta, unaingia ndani ya gari hadi kwenye mita hiyo, kisha unarudi mbele kwenye betri. Ni safari ndefu kwa waya mzee, na kila kiunganishi njiani kinaweza kulegea. Mjomba aliniambia mshale wake siku zote uko katikati, kwa hiyo alijua betri imejaa. Mshale wa katikati maana yake ni kwamba umeme hauingii wala hautoki. Betri ikijaa utakaa pale, na njia ikiziba vilevile utakaa pale. Cha kuangalia ni dakika za mwanzo. Baada tu ya kuwasha, mshale wa gari zima husogea upande wa kuchaji kwa muda, halafu hurudi katikati polepole. Wa mjomba haukusogea kabisa.

Nikamwomba azime gari na avue kichwa hasi cha betri kabla hajaingiza mkono nyuma ya dashibodi. Msiliruke hilo. Nyaya zile nene hazipiti kwenye fyuzi za kawaida. Kuna kipande kimoja tu cha waya karibu na betri kinachoyeyuka mambo yakiharibika. Akaingiza tochi, akanisogezea simu. Kiunganishi cha waya mnene nyuma ya mita ya ampea, plastiki yake imegeuka kahawia na kulainika upande mmoja, shaba ndani imeota kijani, na ukiutikisa waya kidogo unacheza. Ndugu yetu huyo ndiye aliyekula betri mbili.

Fundi wa waya wa pale mtaani, kijana makini sana, alikata ile sehemu iliyoungua, akasugua shaba kwa msasa mpaka ikang'aa, akabana vichwa vipya na kulehemu. Wakapima: nyuma ya altaneta 14.3, kwenye betri 14.1. Betri yenyewe nilimwambia aichaji taratibu kwa chaja ya ukutani, maana ikikaa siku nyingi bila chaji, bamba zake hushika salfeti na haipokei tena.

Je, kama nyuma ya altaneta nako ungekuta 12 na kitu? Basi angalia mkanda kwanza, kama umelegea au unateleza. Kisha kwenye 240Z regyuleta iko nje ya altaneta, imefungwa peke yake ndani ya boneti. Fundi anaweza kuchomoa plagi ndogo ya altaneta na kuipa nguzo ya F umeme wa chanya moja kwa moja, injini ikizunguka polepole, kwa sekunde chache tu. Volti zikipanda, altaneta ni nzima na mwenye kosa ni regyuleta au nyaya zake. Zisipopanda, fungua uangalie kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye slipringi, pete zinazozunguka ndani ya altaneta. Nyinyi wa barabara za Elmenteita na Kariandusi, lile vumbi jeupe linakula kaboni na slipringi haraka kuliko mnavyodhani. Na kwa dayodi, weka mita kwenye AC (volti za umeme wa kwenda na kurudi), pima betri injini ikiwaka; ikipita nusu volti, kuna dayodi imekufa.

Sasa mjomba anataka spotilaiti nne za wati 100, kama magari ya rali yanayopita Naivasha. Hizo peke yake ni zaidi ya ampea 30, na altaneta ya aina yake hutoa karibu 50, tena si injini ikiwa inazunguka polepole gari limesimama. Nimemwambia aweke mbili, zipite kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi yake, waya utoke karibu na altaneta wala usipite kwenye ile mita ya ampea. Bado tunabishana, lakini waya ameshanunua.

Wewe mwenye Celica, Peugeot au Datsun yako hapo Kisumu au Nakuru, niandikie hapa chini namba tatu: betri gari likiwa limelala, betri injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, na nyuma ya altaneta wakati huohuo. Nitawajibu mmoja mmoja Jumamosi.