Harufu Ikikata Shimoni, Toka

Ndugu zangu mafundi wa maji taka, shikamooni wakubwa, habari zenu vijana. Leo nina neno moja: msiiamini pua.

Gesi ninayoizungumzia ni haidrojeni salfaidi. Huzaliwa kwenye uchafu uliokosa hewa, iwe shimo la choo, chemba au tangi la kiwanda cha ngozi. Ni nzito kuliko hewa, basi hutuama chini, palepale unapoinama na koleo. Hata isipofika sehemu 1 katika milioni utaisikia, yai viza kabisa. Ikifika 100, pua inakufa ganzi ndani ya dakika chache. Hapo ndipo utasikia mtu anasema, "Imepungua, shuka." Wapi! Imezidi. Kwenye 700 hadi 1,000, pumzi moja au mbili zinamwangusha mtu mzima, maana gesi hii inazuia mwili kuitumia oksijeni.

Halafu kuna lile tope. Juu limeshika utando mgumu, gesi imenaswa chini yake. Ukiuvunja kwa koleo, inatoka kwa mkupuo mmoja. Shimo lililopimwa likaonekana salama saa mbili linaweza kuua saa mbili na robo. Kwa hiyo kipimo hakiachwi juu na viatu. Kinavaliwa kifuani muda wote wa kazi.

Kipimo chenyewe ni kile cha gesi nne: salfaidi, oksijeni, gesi za kuwaka kama methani, na kaboni monoksaidi. Kishusheni kwa kamba kabla mtu hajashuka: juu, katikati, chini, na kila mahali mkipe dakika moja au mbili kisome. Salfaidi ikigonga 10 kinalia. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, hashuki mtu. Na wale wa kushusha kibatari, acheni: humo humo mna methani, mtalipua shimo.

Barakoa ya hospitali au ya vumbi haizuii gesi hata kidogo. Ile yenye vichujio pembeni nayo haiongezi oksijeni, na vichujio hujaa. Cha shimoni ni mtungi wa hewa mgongoni, au hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka juu. Ni ghali, najua. Ndiyo maana mimi napendelea pampu ya mkono au gari la kunyonya, mtu abaki juu.

Sasa, mwenzako akianguka? Mwaka 1986 taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye sehemu finyu kama hizi walikuwa waokoaji. Kaka anamfuata mdogo wake, jirani anamfuata kaka. Kwa hiyo msimfuate: tangu mwanzo anayeshuka kazini avae mkanda wa mwili, kamba ifungwe kwenye winchi ya miguu mitatu, akianguka avutwe na aliye juu. Hakuna kamba, hakuna kushuka.

Kipimo hiki hapa, pitishaneni. Kitufe cha kuwashia kiko pembeni. Kikilia msishtuke, kinajijaribu.