Kabla Hujalipa: Kuipima Saa ya Michezo Yenye Kronografu na Kalenda

Mabibi na mabwana, hamjambo. Wengi mliofika hapa Kisumu jioni hii mnatafuta saa iliyokwisha kuvaliwa, kwa hiyo sifa za majina tuziache. Royal Oak ya Audemars Piguet, aliyoichora Gérald Genta na kutoka 1972, mnaijua. Ukague tu skrubu zake nane za usoni: mipasuo ikiwa haifuati duara, ama ni bandia ama imefunguliwa na mtu asiyejali. Gharama kubwa imo ndani.

Kronografu kwanza, yaani kipima muda kilichomo ndani ya saa. Kama saa hujijaza yenyewe, zungusha taji, kile kifundo cha ubavuni, mara 30 hadi 40, kisha bonyeza kitufe cha juu na uutazame mshale wa sekunde unavyoondoka. Ukiruka kidogo kwenye Omega Speedmaster ya kujazwa kwa mkono, usishtuke. Gia zake huumana kwa ubavu, na meno hutafutana. Kwenye Rolex Daytona ya kuanzia 2000 mruko huo ni dalili mbaya, maana kalibri yake, yaani mashine ya ndani (4130, na tangu 2023 4131), ina klachi ya wima: sahani hugandamana na mshale huondoka kwa utulivu. Iache itembee dakika 35. Muuzaji atakuonyesha sekunde kumi, lakini kasoro ya kihesabu dakika huenda ikajificha mpaka kimalize duara la 30. Ukiurudisha, mshale ukae juu ya 12 barabara. Ukikaa pembeni, umelegea kwenye mhimili wake au haukupachikwa sawa.

Halafu fundi aiweke kwenye mashine ya kupimia mapigo, uso juu. Saa iliyojazwa izungushe gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huko kutoa mapigo, nyuzi 270 hadi 300. Kronografu ikiwashwa, zile za gia za ubavu hupungua nyuzi 20 au 30, si ajabu. Ikiwa chini ya 220 hata kabla ya kuiwasha, mara nyingi oili imekauka. Saa iliyoanza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku huwa imeshika sumaku, ya spika au ya kifuniko cha simu. Kuiondoa ni kazi ya dakika moja, asikuuzie sevisi nzima.

Kalenda ya kudumu, ile inayojua yenyewe miezi mifupi na miaka mirefu, kama ya Nautilus ya Patek Philippe ya 2018, huhesabu miezi 48 na haihitaji kuguswa mpaka Machi 2100. Inavyovunjwa ni hivi: mtu anabonyeza vitufe vya kurekebisha kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, gia zikiwa zimeshikana, na wenzo unapinda. Sogeza mishale mbele mpaka tarehe ibadilike, endelea hadi saa kumi na mbili asubuhi, ndipo ubonyeze, kwa kijiti cha plastiki au mbao, si sindano. Ukipitiliza tarehe, hairudi nyuma. Isimamishe, usubiri tarehe ya kweli iifikie.

Picha ya mwezi kwenye saa zenye gia ya meno 59 hutangulia siku moja kila miaka miwili na miezi minane hivi. Wa kuandamia Ramadhani tazameni angani.

Ziwani, msibonyeze vitufe vya kronografu majini hata kama imeandikwa mita 100. Ukiona ukungu chini ya kioo ukiingia penye kiyoyozi, ifunguliwe siku hiyo hiyo.

Mzee ameuliza kuhusu kisanduku cha kuzungushia saa, kile kinachoifanya iendelee kutembea isipovaliwa. Kwa kalenda ya kudumu, nunua. Kwa kronografu tupu, weka pesa hizo kwa mipira mipya ya kuziba maji.