Kutoka Kanha hadi Nagpur: Barabara Inayompisha Chui Milia

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo niko na kaka Baraka, amerudi juzi kutoka India ya kati. Pole na safari, kaka.

BARAKA: Nimeshapoa, dada Zuhura. Tulikaa siku nne katika hifadhi ya Kanha, jimbo la Madhya Pradesh, kisha tukashika barabara ya Seoni hadi Nagpur. Na unajua, kule kuingia porini wanakuita “safari”, neno letu kabisa. Sisi nasi “gari” tumelipata kwao.

ZUHURA: Chui milia ulimwona?

BARAKA: Asubuhi ya tatu. Kulungu walipiga kelele za kuonyana, dereva akazima injini, mara huyo akavuka njia wala hakututazama. Nilishindwa hata kushika kamera. Lakini leo nina hamu ya kusimulia tuliyoyakuta baada ya kutoka getini.

ZUHURA: Haya, tuanzie hapo.

BARAKA: Ilikuwa Aprili, msimu wa mahua. Tuliondoka kukiwa bado giza. Tulipokaribia kijiji kimoja cha Wagond, jamii ya wenyeji wa kule, nikaona mianga ya tochi inatambaa chini ya miti. Tukasimama. Akina mama na watoto wameinama, wanaokota maua. Mti wa mahua huangusha maua usiku, kwa hiyo anayechelewa anakuta ng'ombe na kulungu wameshamaliza. Mama mmoja akanitilia matatu kiganjani. Ua nene, rangi ya siagi, ukubwa wa zabibu, ukilibonyeza linatoa maji. Tamu! Ila harufu yake nzito, kama tunda lililoanza kuchacha. Shati langu lilinuka hivyo hadi jioni.

ZUHURA: Wanayafanyia nini?

BARAKA: Wanayaanika uani hadi yanageuka kahawia kama zabibu kavu. Mengine wanakula, mengine wanapika pombe, mengine wanawauzia wachuuzi, na hapo ndipo pesa taslimu inapopatikana. Sasa, nilisikia wale akina mama wanaongea kwa sauti kubwa, wanaitana, wanacheka. Nikadhani ni furaha ya mavuno. Dereva akanitafsiria: wanapiga kelele ili chui milia ajue wapo.

ZUHURA: Ewe Mola!

BARAKA: Mtu aliyeinama gizani anafanana na mnyama, dada. Na dubu naye anayapenda mahua kupita kiasi. Watu hujeruhiwa, wengine hufa, kwa sababu ya kikapu cha maua.

ZUHURA: Hawa hawakuhamishwa?

BARAKA: Kijiji chao kiko nje ya eneo la ndani la hifadhi. Vya ndani vilianza kuhamishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, vya Wabaiga na Wagond. Kuna kulungu anaitwa barasingha, pembe zake zina matawi mengi. Mwaka 1970 pale Kanha walikuwa wamebaki 66 tu. Watu walipoondoka, mashamba yakarudi kuwa majani na barasingha wakaongezeka. Nilifurahi sana kuwaona. Halafu nikajua kwamba baadhi ya mbuga zile zilikuwa shamba la mtu, pengine na kaburi la bibi yake lipo humo. Sijui nilipange wapi moyoni, hadi leo.

ZUHURA: Inaumiza. Na barabara zenyewe?

BARAKA: Nyembamba, ng'ombe wamelala katikati bila wasiwasi. Malori yamerembwa maua na miungu, nyuma yameandikwa “Horn OK Please”. Tulipata pancha mahali, fundi akazamisha tyubu kwenye karai la maji kutafuta mapovu, nikajiona niko Chalinze. Tukanywa chai kwenye vikombe vya udongo tukisubiri.

ZUHURA: Mimi nikienda Iringa, pale barabara inapokatiza Mikumi roho haitulii. Kilomita 50 hivi za matuta, na bado unakuta mnyama amegongwa.

BARAKA: Ndiyo maana nilitaka uisikie hii. Barabara kuu namba 44, ile ya Srinagar hadi Kanyakumari, inakatiza msitu wa Pench. Ilipotaka kupanuliwa, wahifadhi walikwenda mahakamani. Mwisho wake, upande wa Maharashtra, jimbo lenye Nagpur, barabara imeinuliwa juu ya nguzo katika sehemu 9, iliyo ndefu zaidi ni mita 750. Malori yanapita juu, wanyama chini. Pembeni kuna kuta za kuzuia mwanga na kelele. Kamera zilizotegwa chini zimewanasa chui milia wakipita.

ZUHURA: Wewe ulimwona akipita?

BARAKA: Huwezi, ukuta unakuziba. Nilikuwa naona vilele vya miti tu. Dereva wetu, ambaye tangu asubuhi mkono haukutoka kwenye honi, hapo alinyamaza. Akaelekeza kidole sakafuni mwa gari, chini ya miguu yetu, akasema taratibu: “Bagh.” Chui milia.