Guinea moja kwa mwaka: chama kilichochora visukuku

Jamani sogeeni mbele, nimeshika jiwe dogo, ukikaa huko nyuma hutaona kitu. Haya angalieni hapa kwenye ncha ya kidole. Kama mtu kapitisha penseli tu, si ndio? Sasa ukilisogeza karibu na jicho ule mstari una meno upande mmoja kama kijimsumeno. Hiki ni kisukuku cha graptolaiti, kila jino palikuwa nyumba ya kiumbe kidogo cha baharini zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na spishi zao zilibadilika upesi sana kiasi kwamba ukiijua spishi umeshajua na jiwe ni la lini.

Sasa utaijuaje? Nikikwambia "meno yamelala kidogo" wewe utaelewa lako na mwenzio lake. Inatakiwa picha, tena picha nzuri, na picha ni hela. Hapo ndo wanaingia Palaeontographical Society, chama kilichoanzishwa London mwaka 1847. Kabla ya hapo, tangu 1836, kulikuwa na kikundi cha marafiki waliokuwa wanaokota visukuku kwenye udongo wa mfinyanzi wa London, mmoja wao James Bowerbank, mtu wa biashara ya familia ya kutengeneza pombe kali, wala sio profesa. Basi wakafanya kama tunavyochangia harusi, kila mwanachama atoe guinea moja kwa mwaka, yaani pauni moja na shilingi moja, hela inalipia michoro na uchapaji, halafu kila aliyechanga anapata nakala yake. Mpaka leo wanachapisha, na kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe wa chama, kuchora na kueleza visukuku vya Uingereza ili mtu asiyeweza kufika kwenye kabati la makumbusho naye avione.

Hata Charles Darwin aliwaandikia, kabla hajatoa ile nadharia yake ya mageuzi, kuhusu visukuku vya wale viumbe wenye magamba wanaoganda chini ya jahazi mpaka wakwanguliwe ndo lipakwe deheni. Sehemu ya kwanza ilitoka 1851.

Ila kazi ninayoipenda kupita zote ni ya wanawake wawili, Gertrude Elles na Ethel Wood, waliosoma Cambridge wakati chuo hakiwapi wanawake digrii, na kiliendelea kuwanyima mpaka 1948! Kuanzia 1901 hadi 1918 chama kiliwachapishia kazi yao ya graptolaiti za Uingereza, Charles Lapworth akiwa mhariri, Elles anaandika na Wood anachora, jino baada ya jino, miaka 17, na ile michoro wataalamu bado wanaifungua wakiokota jiwe kama hili.

Haya dada pokea, na lenzi hii hapa. Hesabu meno yaliyopo kwenye milimita 10, wao walihesabu hivyohivyo, ukimaliza mpe jirani, taratibu tu lisidondoke.