Jinsi ya Kupiga Kopi Yako ya Malaika kwa Gitaa Moja na Sauti Moja

Karibu mtazamaji. Leo tunapiga wimbo wa Malaika. Najua umeshausikia harusini, hotelini na kwenye kila hafla yenye wageni, mpaka pengine umeuchoka. Wimbo wenyewe haujachakaa. Kinachochosha ni namna tunavyoupiga, kila bendi ikiiga bendi iliyotangulia. Mwisho wa video hii utakuwa na kopi yako mwenyewe, yaani namna yako ya kuupiga wimbo wa mwingine, na utaiimba kama mtu anayejua analia nini.

Andaa gitaa lililotyuniwa, kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote za gitaa pamoja) kama unayo, simu, karatasi na kalamu. Gitaa liweke kando kwanza. Hatuligusi bado.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Tafuta rekodi ya mwanamuziki wa Kenya Fadhili William na bendi ya Jambo Boys, iliyofanyika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vaa spika za masikioni, funga macho, usifanye kitu kingine. Sikia anavyoimba bila papara. Hapigi kelele, hamlaumu mtu. Kijana anampenda msichana, anataka kumuoa, mali hana. Kisa ndicho hicho tu, na kila uamuzi tutakaoufanya leo tutaupima kwa hicho: mwimbaji wetu hana mahari. Ukimzungushia vinanda, matarumbeta na waitikiaji kumi, msikilizaji atajiuliza, huyu hela ya bendi kaipata wapi na mahari ikamshinda?

Ukimaliza hapo, nenda kwa Miriam Makeba na mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte. Wimbo upo kwenye albamu yao ya pamoja ya mwaka 1965, An Evening with Belafonte/Makeba, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Makeba ni wa Afrika Kusini, Kiswahili si lugha aliyokulia, lakini kwa wasikilizaji wengi wa nje ya Afrika Mashariki Malaika ni wimbo wake. Angalia miisho ya maneno yake. Silabi ya mwisho haikati ghafla; anaiachia itoke polepole. Rudia sehemu hiyo mara kadhaa, halafu jaribu kuiimba naye kwa sauti ya chini kabisa.

Sasa wasikilize Boney M, kundi la disko. Walitoa yao mwaka 1981, mtayarishaji akiwa Frank Farian wa Ujerumani. Siwacheki hata kidogo, ngoma inachezeka. Ila msikilize kijana wetu ndani yake. Umemsikia? Mimi nikiisikiliza hiyo naona taa za disko, simuoni mtu aliyelala macho usiku kwa kukosa pesa. Maneno ni yaleyale, melodi ni ileile, na bado huzuni imetoroka.

Wako wengine wengi. Kundi la Hep Stars la Sweden, ambalo mpiga kinanda wake Benny Andersson baadaye alikuwa mmoja wa wanne wa ABBA, liliurekodi mwaka 1967. Angélique Kidjo wa Benin aliuweka kwenye albamu ya Logozo mwaka 1991, na kama una sauti kubwa anza naye huyo, kwa sababu ndiye anayeonyesha kwamba sauti kubwa inaweza kuubeba wimbo huu bila kuuponda. Ukitaka kuwasikiliza wote utazeeka hujashika gitaa, kwa hiyo watatu wa mwanzo na Kidjo wanatosha.

Chukua karatasi, tuandike maneno. Andika kwa mkono wako, usichapishe kutoka mtandaoni, maana huko makosa ni mengi na watu wanakopiana makosa hayohayo. Ubeti mmoja unamwita malaika, mwingine unaanza na pesa zinazosumbua roho, mwingine unamwita kidege. Utakuta waimbaji wanapishana hapa na pale: kwenye kidege wengine wanasema “hukuwaza”, wengine “nakuwaza”. Chagua moja, ukae nayo. Kosa linalosikika ni kuimba hili mwanzoni na lile mwishoni.

Akina dada huniuliza sana: mimi mwanamke, niseme “ningekuoa” kweli? Wengine wanabadilisha ili waolewe wao. Ushauri wangu, acha kama ilivyo. Makeba hakubadilisha, na hakuna aliyechanganyikiwa. Unapoimba unamsemea kijana yule, kama msimulizi wa hadithi anavyowasemea watu wake wote, wake kwa waume. Ukigeuza kitenzi, mizani inavurugika, na suala la mahari linahamia upande mwingine kabisa.

Tuje kwenye kii, yaani kiwango cha juu au chini unachoanzia kuimba. Imba ubeti mzima bila ala yoyote, ukianzia sauti unayozungumzia kila siku. Kuna mahali patakubana, iwe juu au chini. Papate, kisha anza upya juu kidogo au chini kidogo hadi pasikubane tena. Watu wengi hukosea kwa kuchagua kii ya juu ili wasikike wana uwezo. Kijana asiye na mali anazungumza, hatangazi. Chagua kii ambayo ungeweza kuiimba ukiwa umekaa kitandani na mtu amelala chumba cha pili.

Mimi leo napiga kwenye G. Sauti yako ikiwa juu kidogo, funga kapo freti ya pili na vidole vibaki hivihivi. Freti ni zile pau za chuma zinazokatiza shingo ya gitaa.

Habari njema: kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, ni tatu tu. G, C na D7. Tazama mkono wangu wa kushoto, nausogeza karibu na kamera. Waya wa kwanza ni ule mwembamba kabisa, wa sita ni mnene kabisa. G: kidole cha kati waya wa sita freti ya tatu, cha shahada waya wa tano freti ya pili, cha pete waya wa kwanza freti ya tatu. C: cha shahada waya wa pili freti ya kwanza, cha kati waya wa nne freti ya pili, cha pete waya wa tano freti ya tatu. D7: cha shahada kinabaki palepale, waya wa pili freti ya kwanza, kisha cha kati waya wa tatu freti ya pili na cha pete waya wa kwanza freti ya pili.

Umeona kilichotokea kati ya C na D7? Kidole cha shahada hakikunyanyuka. Hicho ndicho kigingi chako. Vidole viwili vinahama, kimoja kimekaa. Fanya hivyo tu, C kwenda D7, D7 kurudi C, bila kupiga waya hata mmoja, mpaka mkono uache kufikiri. Simamisha video hapa ufanye. Nakusubiri.

Sasa wapi pa kubadilisha kodi? Sitakuandikia kila neno, kwa sababu ukijifunza kwa kusoma mishale utapiga kama unayesoma risiti. Fanya hivi. Shika G, imba taratibu huku unapiga mara moja tu kwa kila pigo. Melodi itafika mahali ambapo G inaanza kuukuna wimbo, inasikika kama viatu vya kushoto viwili. Hapo jaribu C. Ikikataa, ni D7. Hakuna ya nne, kwa hiyo huwezi kupotea mbali. Ukifika kwenye kiitikio, pale anaposema ameshindwa na mali hana, sikiliza D7 inavyovuta, inataka kurudi nyumbani kwenye G. Acha ivute kidogo. Uzito wa wimbo wote uko katika mvuto huo mdogo.

Mkono wa kulia: dole gumba lipige besi, zile nyuzi za sauti nzito, vidole vitatu vivute nyuzi nyembamba. Kwenye G, gumba linapiga waya wa sita, halafu wa nne. Kwenye C, wa tano, halafu wa nne. Kwenye D7, wa nne, halafu wa tatu. Besi, vuta, besi, vuta. Usiongeze mbwembwe zozote kwa sasa. Ukiona mkono unakimbia, gonga mguu sakafuni na uufuate mguu, maana gitaa lina tabia ya kumharakisha anayelipiga peke yake.

Kuunganisha sauti na gitaa ndipo wengi wanapokwama. Njia yangu: piga mzunguko wa kodi huku unazungumza maneno, usiimbe. Zungumza tu kama unamwambia rafiki. “Nashindwa na mali sina.” Uone aibu iliyomo kwenye kauli hiyo. Ukiweza kuyazungumza bila mkono kusimama, basi melodi iingie juu yake. Ukianza na melodi, mkono utafuata sauti na kila neno refu litakusimamishia besi.

Kiitikio kinarudiwa mara mbili mwisho wa kila ubeti, na hapa ndipo kopi yako itakapojitofautisha. Watu wengi wanaimba mara ya pili kwa nguvu zaidi. Jaribu kinyume chake: mara ya kwanza sauti ya kawaida, mara ya pili teremsha, na gumba lipige besi peke yake bila kuvuta nyuzi nyembamba. Sikiliza, nafanya sasa. Mara ya kwanza… na mara ya pili. Umesikia chumba kilivyopanuka? Fanya hivyo kwenye beti mbili tu. Ubeti wa tatu upige kiitikio sawa mara zote mbili, usije ukageuza ujanja kuwa kero.

Kuhusu utangulizi na solo katikati, yaani kipande cha gitaa bila kuimba: si lazima uwe navyo. Ukitaka solo, piga melodi ya ubeti kama ilivyo, noti kwa noti, kwenye waya wa kwanza hadi wa tatu. Ni melodi nzuri kuliko chochote utakachokibuni saa hii.

Kurekodi kwa simu ni kazi ndogo. Zima feni, funga dirisha, iweke simu umbali wa nusu mita, imeelekea kati ya mdomo na tundu la gitaa. Rekodi ubeti mmoja wa majaribio. Gitaa likimeza sauti, geuza gitaa kidogo pembeni, usiongeze sauti yako. Kisha piga wimbo mzima bila kukata. Ukikosea kodi moja na hisia ipo, iache hiyo rekodi.

Kabla hujapakia, soma hili vizuri. Malaika si wimbo wa jadi usio na mwenyewe, ingawa wako wanaodhani hivyo. Fadhili William ndiye anayetajwa kwenye rekodi nyingi kuwa mtunzi. Alifariki mwaka 2001, na kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya kazi inalindwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, yaani mpaka mwisho wa 2051. Halafu kuna mgogoro wa siku nyingi. Adam Salim wa Tanzania alisema aliutunga yeye miaka ya 1940, kwa ajili ya mchumba aliyeozwa kwa mwingine. Wengine wametajwa pia, akiwamo Lucas Tututu wa pwani ya Kenya, na Grant Charo. Hatutaumaliza ubishi huo kwenye maelezo ya video. Unachoweza kufanya ni kuandika jina la Fadhili William kama mtunzi anayetambulika, kisha utaje kwamba wengine nao wamedai utunzi. Usiandike “mtunzi hajulikani”, na jina lako liende kwenye uimbaji na gitaa tu.

Ukipiga kopi hii kwenye onyesho la kulipwa, leseni inahusika. Kwa Kenya anza kuulizia kwenye bodi ya hakimiliki, KECOBO, kwa Tanzania COSOTA. Ukipakia mtandaoni, huenda ukapata taarifa kwamba wimbo una mwenyewe. Usishtuke na usianze kubishana. Mara nyingi video inabaki hewani, ila mapato ya matangazo yanaenda kwa mwenye haki. Kama lengo lako lilikuwa kuuimba, huna ulichopoteza. Pakia, halafu niwekee kiungo chini hapa. Nataka hasa kusikia ulivyoteremka kwenye kile kiitikio cha pili.